Maina Uliyetuachia Kilosa

Baba Rehema,

Salamu sina. Nimesikia huko Mikumi umewaambia watu kwamba mkeo alifariki. Eti malaria! Haya, kaa chini usome barua ya marehemu.

Unaukumbuka mwaka ule maduka yalipoanza kujaa vitu tena? Ulikwenda Dar kufuata mitumba, ukarudi na belo moja na ndege kwenye tundu. "Mama Rehema, nimekuletea kasuku!" Kasuku gani, mwanamume wewe? Kichwa cheusi, mwili wa kahawia, mdomo na miguu ya njano, na ngozi ya njano imezunguka jicho. Jirani yetu Mhindi wa duka la vitambaa alicheka mpaka akashika meza. "Huyu maina, bwana. Kwetu wanaingia mpaka jikoni."

Tulimpenda hivyo hivyo. Tukimfungulia, anatembea uani hatua kwa hatua kama mtu, harukiruki kama shomoro. Akipaa ndipo unaona mabaka meupe mabawani. Hao shomoro wenyewe aliwafukuza wote kwenye upenyo wa bati. Mimi nakaanga dagaa, Rehema anampa wali, wewe umechuchumaa unamfundisha maneno. Nilikuwa na furaha, sikufichi.

Halafu ukafungua nyumba ya wageni huko Mikumi, barabara kuu, ukasahau njia ya nyumbani. Mtoto kaugua, hukuja. Nililia mpaka nikachoka kulia. Sasa nina hasira tu, na ninaifurahia.

Jana nimembeba maina wako hadi Kisanga, kwa wazazi wa binti unayemposa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, karibu."

Nikasema nimewaletea ndege wa bwana harusi, anasema kama mtu. Wakaitana, ukoo mzima ukajaa uani. Nikampa panzi. Akajitikisa, akakohoa kikohozi chako kile kile, akasema kwa sauti yako: "Mama Rehema, mke wangu wa pekee!"

Mama wa binti akaniuliza, "Mama Rehema ndiye nani?"

"Ndiye mimi, mama. Sijaachwa wala sijafa."

Ndege nimewaachia. Ukitaka kwenda kujieleza, nenda, kaka zake binti wanakungoja kwa hamu.

Yule mama aliingia ndani, akatoka na doti ya khanga uliyompelekea ya posa, akanifunika nayo mabegani. "Chukua, mwanangu. Mwenye mume ni wewe." Nimeivaa hapa ninapoandika. Imenipendeza, Baba Rehema, we acha tu.

Mkeo, mzima wa afya,
Mama Rehema