Jina la Babu katika Mahandaki ya Cu Chi

Toronto,
Mwezi wa kumi na moja

Bibi yangu mpendwa,

Nimesema kwamba Babu amekufa. Nilisema kwa sauti, kwa Kiswahili, nikiwa nimepiga magoti ndani ya handaki katika nchi ya Vietnam. Hakuna mtu niliyemweleza mpaka leo, si Mama, si Baba, wala yule mama niliyesafiri naye. Wewe ndiye wa kwanza kujua, na wewe ndiye niliyekuogopa kuliko wote.

Nisamehe kwa kuanza bila kukuamkia. Nimejaribu kuandika barua hii mara nyingi, na kila nikianza na salamu naishia kwenye salamu. Shikamoo Bibi. Mguu unaendeleaje? Shangazi alisema kwenye simu kwamba sasa unatembea mpaka mwisho wa kibanja, migomba inapoishia, bila fimbo, halafu akacheka akasema kumbe fimbo umeificha nyuma ya mlango ili watu wa kanisani wasikuone nayo. Nilicheka sana, kisha nikalia kidogo, maana ningependa kuwa hapo nikushike mkono. Senene wameanza kuanguka? Huku tayari ni baridi. Baba yuko kwenye lile ghala karibu na uwanja wa ndege, akirudi anaweka soksi zake juu ya chuma cha kupasha nyumba joto na nyumba nzima inanuka soksi. Mama bado analea wazee, zamu za usiku. Wote ni wazima. Nashukuru kwamba macho yako bado yanasoma kwa ile miwani, kwa sababu barua hii si ya kusomewa na mtu mwingine.

Unakumbuka nilikueleza kwamba baada ya kumaliza shule nilipata kazi ya kumsaidia mama mmoja Mvietnam katika jengo letu hapa Rexdale. Tunamwita Mama Thu, kwa jina la bintiye, ingawa kwa umri ni kama wewe. Ninamfulia, ninamsindikiza sokoni kwa basi la Kipling, na mara nyingi tunakaa tu kimya. Ndiyo maana tunapatana. Mimi unanijua, kuzungumza na watu kunanichosha kuliko kufua. Mwezi wa tisa alitaka kwenda kwao, mara ya kwanza tangu alipokimbia akiwa msichana. Thu ana duka la kutengeneza kucha na hakuweza kulifunga, akanilipia mimi tiketi nimpeleke mama yake. Baba alisita, akasema, "Mtoto huyu hawezi hata kumwambia dereva wa basi asimame, atafikaje Vietnam?" Lakini akaniruhusu.

Mama Thu hakuwa na ndugu waliobaki huko isipokuwa mpwa mmoja. Tulilala kwake Saigon. Nilidhani mpwa ndiye atakayetupeleka kule Mama Thu alikotaka kwenda, lakini mama mwenyewe alikataa. Alikata tiketi za basi dogo la watalii, safari ya siku moja, hekalu asubuhi na mahandaki ya vita mchana. Nilipomuuliza kwa nini tuende na wageni katika nchi yake mwenyewe, alisema, "Wageni hawatanitazama. Watakuwa wanatazama vitu." Basi tukaenda.

Kiongozi wetu aliitwa Minh, mtu wa maneno mengi. Hata kabla hatujatoka mjini alishika kipaza sauti akasema, "Asubuhi nitawapeleka kwa Mungu, mchana nitawapeleka kuzimu, na jioni mtakuwa hotelini kabla supu haijapoa." Watu wakacheka. Kisha akapitisha kipaza sauti kila mtu ajitambulishe. Kilipofika kwangu nilisema "Koku" nikakirudisha haraka. Minh akanitazama. "Dada, hilo ni jina au umepiga chafya?" Basi zima likacheka, pamoja na vijana wawili wa Australia waliokaa nyuma yetu. Mama Thu peke yake hakucheka. Alinipa pipi ya tangawizi.

Hekalu liko Tay Ninh. Wana dini yao ambayo inamheshimu Yesu na Buddha na wengine wote pamoja. Kwa nje lina minara miwili kama kanisa, na ndani nguzo zake zimezungukwa na majoka yaliyopakwa rangi, na mbele kuna jicho moja kubwa linalokutazama popote ulipo. Tulivua viatu. Wanawake wanaingia kwa mlango wa kushoto na wanaume wa kulia, nikakumbuka unavyosimulia kanisa la Kanyigo la zamani, jinsi ulivyokuwa unamtafuta Babu kwa macho upande wa wanaume. Ibada ya saa sita ilianza. Waumini wamevaa nguo nyeupe tupu, wameketi katika mistari iliyonyooka, wanainama kwa pamoja kila kengele inapolia. Wageni waliruhusiwa kutazama kutoka juu. Sikupiga picha. Niliona haya kuwatazama watu wanavyoomba.

Baada ya ibada Mama Thu alizungumza na mama mmoja wa nguo nyeupe, naye akatuletea vijiti vya udi, akatuonyesha chungu cha mchanga nje kwenye kivuli. Mama Thu alishika vijiti vyake kwenye paji la uso, akasema maneno kwa muda mrefu. Nami nikafanya kama yeye. Sikujua ni vya nini. Nilidhani ni sala ya kawaida, kwa hiyo nilisema ile tunayoisema nyumbani kabla ya kula, ambayo Baba haiachi hata siku moja: "Mungu wetu, umrejeshe aliye safarini."

Mama Thu aliniuliza nimemwombea nani. Nikamwambia, babu yangu, yuko safarini.

"Ameenda wapi?"

"Vitani. Alivuka mto na wenzake."

"Lini?"

"Baba yangu alikuwa hajaanza shule."

Mama Thu amemwona Baba yangu, anajua ana mvi. Akasema taratibu, "Mwanangu, hivi vijiti ni vya wafu. Mimi nimemwombea kaka yangu." Nilitaka kuvichomoa mchangani, mkono wangu ukafika mpaka kwenye chungu, halafu nikaogopa kwamba kuvichomoa kungekuwa vibaya zaidi. Nikaviacha vikiwaka.

Njiani kuelekea Cu Chi ndipo alipozungumza zaidi kuliko siku zote nilizomjua. Kaka yake aliitwa Sang. Aliingia mahandakini kupigana akiwa kijana na hakutoka, hakuna aliyemwona amekufa. Kwao mtu akifa, kila mwaka siku ya kifo chake wanampikia na kumwekea chakula. Mtu akipotea na siku haijulikani, familia inachagua siku aliyoondoka nyumbani, ndiyo inakuwa siku yake. "Mama yangu alikataa kuchagua," akasema. "Alisema, nikichagua nitakuwa nimemuua mimi. Amekufa akimsubiri. Na kaka yangu mpaka leo hajapewa hata bakuli moja la wali." Alisema hivyo huku akitazama mashamba ya mpira dirishani. Nami nilikuwa nakuona wewe, Bibi.

Cu Chi ni msitu mwembamba, na chini yake watu walichimba njia, majiko, hospitali, vyumba vya kulala, vyote ardhini. Minh alitutaka tutafute mlango, tukatafuta na kutafuta, kumbe alikuwa amesimama juu yake. Ni mfuniko mdogo uliofunikwa majani, mtu anaingia akiwa ameinua mikono. Walitupa muhogo wa kuchemsha na karanga zilizosagwa, chakula cha wapiganaji. Vijana wa Australia waliuma kidogo wakatazamana. Mimi nilimaliza wangu na wa mmoja wao. "Dada Chafya anajua kula!" Minh akasema.

Hapo karibu kuna uwanja ambapo mgeni anaweza kupiga bunduki za vita, kwa kujifurahisha. Milio ilianza ghafla. Mama Thu alikaa chini pale pale, kwenye majani, akiwa ameziba masikio. Nilikaa naye. Ulinieleza kwamba usiku ule vita vilipofika kwetu mlikimbia na kulala katika migomba mkisikia milio ng'ambo ya mto, na kwamba Babu aliwaacha hapo akasema anarudi kuwasaidia wenzake. Nilikuwa nimeisikia hadithi hiyo tangu utoto, lakini sikuwahi kuisikia milio yenyewe.

Milio ilipotulia, wengine walikwenda kwenye sehemu ambayo wageni wanaingia handakini. Magoti ya Mama Thu hayawezi. Akanishika mkono. "Ingia kwa niaba yangu. Muite. Mwambie: Sang, nyumba yetu haipo tena, usiitafute. Mama amefariki. Sisi tuko mbali. Huna haja ya kukaa humu, toka."

Nikamwambia sijui Kivietnam.

"Sema Kiswahili chako. Ataelewa, alikuwa na akili sana."

Niliingia. Wameyapanua mahandaki kwa ajili ya wageni lakini hata hivyo nilitambaa, mabega yanagusa udongo pande zote mbili. Kuna joto, na harufu ya udongo uliokaa gizani. Mbele kulikuwa na taa ndogo, kisha kona, kisha hakuna taa. Hapo nikasimama kwa magoti nikasema kama nilivyotumwa. "Sang, nyumba yetu haipo tena. Mama amefariki. Usikae humu, toka." Sauti yangu haikwenda mbali, ilizama ukutani. Na kwa kuwa nilisema kwa Kiswahili, nilijisikia mwenyewe, nikatambua kwamba hakuna mtu katika familia yetu aliyewahi kumwambia Babu maneno ya namna hiyo. Sisi tunamwomba Mungu amrejeshe. Yeye mwenyewe hatujamwambia kitu. Nikasema, "Babu Kamugisha, wewe umekufa. Ni mimi Koku, binti wa mwanao. Bibi yupo, nyumba ipo, kibanja kipo. Umekufa, Babu, rudi nyumbani upumzike."

Kijana mmoja wa Australia nyuma yangu akauliza, "Uko sawa huko mbele?" Nikajibu, niko sawa. Nilipotoka nilikuwa na udongo usoni, na Mama Thu akanifuta kwa kitambaa chake. Aliuliza tu, "Umemwita?" Nikasema ndiyo. Hakujua kwamba niliwaita wawili.

Sasa nikueleze kwa nini nakuandikia. Kabla sijasafiri Babu Mdogo alimpigia Baba simu, akarudia lile ombi la kuzika gogo la mgomba badala ya mwili, kama inavyofanywa kwetu kwa aliyepotelea mbali, ili kaka yake awe na kaburi kibanjani na watu wamlilie. Baba alisema, "Mama akikubali, mimi nakubali." Nilikuwa jikoni, nilimsikia. Na wewe Pasaka ulipoulizwa na ukoo ulisema, "Mwanangu akikubali, nitakubali." Shangazi alinieleza. Basi kila mmoja anamngoja mwenzake.

Jioni niliporudi kutoka Vietnam Baba aliomba sala ile ile kabla ya kula, nami nikashindwa kusema amina. Hakunikemea. Baada ya chakula tukawa tunaosha vyombo, akauliza habari za mahandaki.

"Ndani kuna giza?"

"Giza, Baba."

"Na hewa ipo?"

"Ipo kidogo."

"Hiyo kidogo inamtosha mtu?"

"Inatosha."

Alikaa na sahani ile ile mkononi, akiisugua ingawa ilikuwa imeshatakata. "Kwa hiyo mtu hapati shida sana," akasema. "Akiwa amejificha mahali kama hapo, hapati shida sana." Nikamwambia hapana Baba, ni kimya tu, kama usingizi. Akaitikia kwa kichwa, akaenda kusimama dirishani akitazama mabasi ya Kipling mpaka Mama alipotoka kwenda kazini.

Bibi, Baba anajua kwamba Babu hayupo tena. Nadhani anajua tangu zamani. Anaomba ile sala kwa sababu kila ukipiga simu unamuuliza kama bado anaomba, naye anaogopa akiacha utavunjika moyo. Na mimi nimejiuliza, isije ikawa nawe unauliza kwa sababu unaogopa kwamba yeye ndiye atakayevunjika. Mimi ni mtoto na si kazi yangu kukuambia la kufanya. Kama nimekosea, nikemee, nitapokea. Lakini yule mama aliyekataa kuchagua siku, binti yake sasa ni mzee na bado anatuma watu wengine mashimoni kumwita kaka yake. Nisingependa Baba azeeke hivyo.

Nisalimie Shangazi, na umwambie nguo alizoshona zinanitosha. Nisalimie Babu Mdogo na wajukuu zake, na yule mama jirani anayekuchotea maji. Mchungaji pia, lakini salamu tu, bila habari za hekalu. Nakuombea mguu na usingizi mzuri.

Ni mimi mjukuu wako akupendaye,
Kokushubila

Bibi, haya niliyoyasema handakini yabaki kwako. Ukimaliza kusoma ichome barua kwenye mafiga, Shangazi asiione. Na ikitokea siku ukampigia Baba simu kumwambia kwamba umekubali mgomba uzikwe, tafadhali usinitaje. Mwache aamini kwamba wewe ndiye uliyesema kwanza.