Chuma Kinachosubiriwa

4 Machi

Baba, shikamoo. Mgongo vipi, bado unakuamsha alfajiri? Mimi mzima, na bahati yangu usipime, kama nilizaliwa nimevaa viatu. Karakana nzima, mabingwa watupu, nimechaguliwa mimi kuchomelea mabomba ya maji ya bahari!

Sasa sikia maajabu. Kuna stenlesi inaitwa super dupleksi. Tunalinganisha aina mbili: 2507, na nduguye 32760, aliyeongezwa shaba na metali iitwayo wolframu; huyo wanasema asidi anaiweza zaidi. Walichovya vipande kwenye dawa kali inayotafuna chuma. Stenlesi ya kawaida ilitoka na matundu kama chekeche. Hawa wawili waling'aa, Baba, ningeweza kuwafanya kioo cha kunyolea ndevu. Bahari itawapiga mpaka ichoke yenyewe.

Mwanao, Cheche

19 Machi

Cheche mwanangu, marahaba. Mgongo ni mpangaji asiyehama. Mama yako hajambo. Barua yako kawasomea mpaka wateja wa dukani. Mimi nimewatambia mafundi wenzangu: huyo nimemfundisha mwenyewe, haachi chuma kipoe, mshono juu ya mshono kingali chekundu! Mageti yangu yote yalisimama hivyo.

Kwa kuwa wewe umeshafika, nimeona nipumzike. Mwisho wa mwezi fundi jirani anakuja kuchukua mashine yangu ya kuchomelea, nampa bure. Hebu niambie, hicho chuma cha ajabu nacho kinapenda moto vile vile?

Baba yako

25 Machi

Baba, shikamoo, na pole ya mgongo. Mashine usimpe mtu! Mwambie jirani imepiga shoti, mwambie lolote.

Chuma hicho moto hakipendi, Baba. Ukimaliza mshono unasubiri, unapima joto, mpaka lishuke chini ya nyuzi mia ndipo urudi. Ukikikimbiza kinaharibika kwa ndani, na kwa macho huoni kitu. Kwenye jaribio la kumchagua fundi wa mabomba mimi nilikikimbiza, kama mageti yetu. Mshono ulipendeza, hata mkaguzi alinisifu. Kilipotoka kwenye dawa, kando ya mshono matundu matupu.

Mama mmoja, fundi wa meza ya pili, alikuwa akisubiri chake kipoe huku anafuma sweta, nami nikamcheka. Chake kilitoka kama kilivyoingia. Nilikishika, nikakigeuzageuza, nikamrudishia. Mabomba anachomelea yeye. Mimi nafagia.

Ile bahati niliyokuandikia ni uongo. Sikuchaguliwa.

Mwanao, Cheche