Bati la Skwoshi Nimelifungua kwa Mkono Wangu

Bariadi, Jumatano jioni. Upepo mkavu tangu asubuhi, na malori ya pamba yamepita mpaka barabara haionekani kwa vumbi. Nimeoga, lakini bado natoa nyuzi za pamba masikioni. Moyo hauko sawa.

Niseme kwanza jambo lenyewe, maana nikianza kuzunguka nitaishia kwenye hali ya hewa. Ijumaa ofisi yetu ya Mwanza inataja jina la mtunza stoo mpya. Nataka liwe langu. Mke wangu yuko Mwanza, anafundisha shule ya msingi, na binti yetu Neema ameanza kuniita baba wa kwenye simu. Mimi niko huku, natunza stoo ya kiwanda cha kuchambua pamba. Kinachonizuia kwenda si kazi. Ni mchezo.

Ukisikia unaweza kucheka. Mimi nimeshamaliza kucheka.

Meneja wetu, Bwana Otieno, ni Mkenya, mtu wa Kisumu. Alikuja na kampuni ilipoanza kununua pamba huku, biashara ilipofunguliwa kwa kampuni binafsi na chama cha ushirika kikabaki na majengo matupu. Ghala moja la ushirika liko ndani ya uzio wetu. Sisi tuliona ghala, yeye akaona uwanja wa skwoshi, ule mchezo wa kupiga mpira ukutani kwa raketi. Akamwita fundi, zikapigwa plasta kuta nne, sakafu ikasuguliwa, na chini ya ukuta wa mbele likafungwa bati refu linalofika karibu na magoti. Mpira ukigonga bati, umepoteza pointi. Halafu akatafuta mtu wa kucheza naye. Ufunguo wa ghala ulikuwa mfukoni mwangu, basi akanichukua mimi.

Tangu hapo kila jioni nimo humo. Wenzangu wakitoka kazini wanakwenda kuangalia mpira wa miguu, wanakwenda kwenye nyama choma, wanakwenda kwa wake zao. Mimi napiga ukuta na bosi. Pale kiwandani wamenipa jina, Mke Mdogo. Nikipita mizanini wananiuliza kama mzee ameshakula.

Nilipoomba uhamisho, bosi hakukataa. Aliegemea kiti, akasema, "Wewe nenda tu, bana. Lakini kwanza nitafutie mtu wa kucheza naye."

Nilidhani anatania. Wapi! Ikabidi nianze kutafuta mtu kama anayetafuta mganga. Tarishi alicheza siku moja, akapigwa raketi ya mdomo, hakurudi. Dereva, Msukuma mwenzangu wa Malampaka, alisema hajawahi kukimbiza kitu kisicho na mkia na hawezi kuanza uzeeni. Nikakata tamaa.

Ndipo alipokuja mhasibu mpya. Anaitwa Maduhu, kijana wa Mwandoya kabisa, kwao ni wafugaji, ila alipata bahati ya kusoma Marekani. Alinisalimia mwadila, salamu yetu ya Kisukuma, kwa adabu zote, nikamwonyesha meza yake, na katika kufungua mizigo akatoa raketi. Nikamuuliza ni ya nini. Akasema chuoni alikuwa akicheza raketiboli: chumba, kuta nne, mpira unagongwa ukutani. Nilitaka kumkumbatia.

Siku hiyohiyo nilimpigia mke wangu, nikamwambia nimepata mtu. Alipiga kigelegele kwenye simu.

Kosa langu ni hilo. Niliamini ni mchezo mmoja wenye majina mawili. Bosi naye aliniambia raketiboli ni skwoshi tu yenye mpira mkubwa, basi nikaona mambo yamekwisha. Mimi na mdogo wangu tukiwa mbali hata mama anakosea jina. Kaa nasi kidogo uone kama tunafanana.

Jumamosi nikamwingiza Maduhu ghalani nimfundishe. Raketi yake fupi, ina kichwa kipana na kamba ya kuvaa mkononi. Mpira wake wa bluu unadunda mpaka unakera. Wa kwetu ni mdogo, mweusi, na ukiwa wa baridi ni kama umekufa, lazima uupige kwanza upate joto. Akianzisha mchezo anaudundisha mpira chini ndipo aupige, akikosea anaanzisha tena, maana kwao una nafasi mbili. Kwetu ni moja, ukikosa umekosa. Anapenda kupiga chini kabisa ukutani ili mpira utambae, kwa sababu kwao hakuna bati. Basi ikawa ngaa, ngaa, ngaa, mpaka walinzi wakaja kuuliza nani anavunja stoo. Tena kwao hata dari ni sehemu ya mchezo. Ghala letu halina dari, lina paa. Maduhu akautuma mpira juu, njiwa wote wakatoka, na vumbi la pamba la enzi za ushirika likatushukia kichwani.

Nilimfundisha kwa subira ambayo, Mungu anisamehe, hata mwanangu sijawahi kumpa. Juu usipige. Chini ya bati usipige. Usizungushe kifundo, tumia mkono mzima. Jumapili baada ya kanisa tukarudi, Jumatatu na jana tukarudi, na jana nikaona kijana anaelekea. Nilimfundisha kila kitu isipokuwa neno moja.

Leo akaingia na bosi. Mimi nikapanda ngazi nyuma ya ukuta, natazama kwa juu. Walicheza vizuri. Nikaanza kupanga begi kichwani: shati lipi litangulie, godoro nimwachie nani.

Halafu bosi akaukimbilia mpira, Maduhu akawa amesimama katikati ya njia. Kwenye skwoshi ukizibiwa hulazimishi, utamuumiza mwenzako. Unasema "let", mchezo unasimama, mnarudia. Bosi akasimama, akageuka, akasema kwa sauti, "Let!"

Maduhu ni mtoto wa Mwandoya. Alisikia "Lete".

Akaleta. Aliuvuta mkono mpaka nyuma ya sikio, akauachia mpira kwa nguvu zake zote, ukampata bosi nyuma ya paja. Mlio wake niliusikia kule juu.

"Si umesema nilete, bosi?" aliuliza Maduhu, na hakuwa anatania hata kidogo.

Hapo nikaiona Ijumaa yangu inakufa. Huko alikosoma, mtu akizibiwa husema neno lingine kabisa. Mimi "let" nimeitamka miezi yote hii mpaka nimesahau kwamba si neno la kwetu.

Bosi aliinama, akashika paja, akakaa chini. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akakohoa, kisha akamuuliza Maduhu kwao wanachezaje hasa. Maduhu akaeleza yote, bati, dari, nafasi mbili. Bosi akasema leo tucheze wa kwako, akaniita nikalete bisibisi, bati litoke.

Sijawahi kukimbilia stoo namna ile. Nilikuwa nimeshapiga hesabu zangu: wakihamia raketiboli, mimi raketiboli siijui, mtu wa bosi atakuwa Maduhu, mimi nitabaki mtunza stoo tu, na mtunza stoo anahamishika. Nilifungua skrubu moja moja huku napiga mluzi. Bati nikalibeba mwenyewe begani mpaka nje, nikaliegemeza ukutani, nikalipiga kofi la kuliaga.

Walicheza mpaka jasho likawatiririka. Bosi akapumzika. Ndipo Maduhu, kwa roho nzuri kabisa, maana kijana huyu hana ubaya, akaniita niingie. Akasema raketiboli hata watatu wanacheza. Mmoja anaanzisha, wawili wanashirikiana kumkabili, kisha mnapokezana.

Hiyo tofauti sikuwahi kuiuliza.

Skwoshi ya bosi na mimi ilikuwa ya wawili. Akija mwingine, mmoja anatoka. Nilikuwa nimeijenga safari yangu yote juu ya jambo hilo. Kumbe nimeula wa chuya.

Nikaingia. Na sasa niandike lile ambalo nimekuwa nikilikwepa tangu nilipokaa hapa. Nilifurahi. Mpira ule mkubwa unakusubiri, haukutesi kama wetu. Kuta zote ni zako, paa ni lako, chini ni kwako. Nilikuwa napiga pembeni, bosi anagongana na Maduhu, nami nacheka kwa sauti kama niko kwenye harusi. Niliwashinda wote wawili. Kwa muda ule sikuikumbuka Ijumaa, wala Mwanza, wala mtu yeyote.

Bosi akajifuta uso na taulo, akanipiga begani. "Watatu ni tamu kuliko wawili," akasema. "Mwanza watafute mtu mwingine. Wewe baki hapa."

Aliyasema kama mtu anayetoa zawadi. Nikajibu, "Sawa, bosi."

Mlango wa ghala ulikuwa wazi. Ofisi ilikuwa wazi. Hakuna aliyenishika koo niseme sawa.

Nikampigia Mama Neema. Nilianza na ile ya "lete", akacheka, akasema nimpe pole huyo kijana. Nikaendelea kwenye bati, nikaendelea kwenye watatu, nikamalizia na maneno ya bosi. Akaacha kucheka. Nikajikaza nisubiri ukali, kwa sababu ukali wake nauweza, nimeuzoea. Hakufoka. Aliniuliza taratibu nani alishinda.

Nikasema, "Mimi."

Nikasikia Neema anaimba nyuma yake.

"Hongera, baba Neema," akasema, akakata simu.

Niko intaneti kafe ya karibu na stendi, naandika haya kwa watu nisiowajua, kwa sababu wanaonijua wataniita Mke Mdogo. Afadhali angenitukana. Msimu mzima nimemlaumu bosi kwa mke wangu, kwa wenzangu, hata hapa nimemlaumu sana. Leo alinipa nafasi ya kusema, nikasema sawa.

Kesho asubuhi nitaingia ofisini kwake nikiwa na viatu vya ngozi, siyo raba. Nitamwambia mtu wa kucheza naye alimtaka, nimempatia, na mimi nina mke na mtoto Mwanza. Nisipoingia, basi anayenizuia Bariadi si Bwana Otieno.