Mume Wangu Anataka Nimshtaki Jirani Aliyewashikia Wezi Godoro

Bi Zoila mpendwa,

Nakuandikia nikiwa nimechoka, na ninachoomba ni unisaidie kufikiri, kwa sababu kichwa changu hakifikiri tena, kinazunguka tu, na keshokutwa mume wangu anataka tuongozane hadi kwa mwendesha mashtaka nikatie sahihi maelezo kwamba jirani yetu wa mbele, Doña Blanca, alishirikiana na wezi waliotuhamishia nyumba nzima.

Sisi ni wastaafu kutoka Kanada, mimi nilikuwa muuguzi na Merv alikuwa fundi wa mitambo ya maghala ya nafaka, tukahamia hapa milimani Cuenca kwa sababu ya hali ya hewa na kwa sababu pensheni yetu kule ilikuwa haitoshi tena hata kuipasha nyumba joto, na mwaka wa kwanza tulikuwa kama watu waliooana jana, tunatembea kando ya mto tumeshikana mikono, halafu Merv akajiunga na kundi la wageni la mtandaoni, na hapo ndipo raha ilipotutoka. Kila asubuhi, kabla hata ya kahawa, anasoma nani kaporwa simu, nani kapuliziwa dawa akapoteza fahamu, nani kafuatwa kutoka benki, mengine yametokea mbali huko Guayaquil, mengine nadhani hayajatokea popote, lakini yeye huyasoma yote, na kila akimaliza anaongeza kitu ukutani. Zikaja nyaya za umeme, zikaja kamera, zikaja kufuli juu ya kufuli, mpaka nikitaka kwenda kununua mkate hamu ya mkate inaniisha kabla sijafika barabarani.

Mtaa wetu una king'ora juu ya nguzo, kila nyumba ina kitufe chake na wote wako kwenye kundi moja la simu, na tulipohamia tu Don Efraín, mwenyekiti wa mtaa, alikuja kutukaribisha tujiunge. Merv akamwambia asante, tutafikiria, akafunga mlango akanigeukia.

“Unampa mtu namba yako, anajua uko wapi, anajua unalala saa ngapi,” akasema. “Hivyo ndivyo wanavyoanza.”

Nilinyamaza. Nimenyamaza sana katika nyumba hii, Bi Zoila.

Kisha ikafika sikukuu ya marehemu, Novemba ya mwaka jana, Doña Blanca akaja getini na jagi la colada, kile kinywaji chenu cha zambarau, bado kinatoa mvuke, na mikate yenye umbo la vitoto ameifunga kwenye kitambaa, akabonyeza kengele. Merv akamjibu kwa spika bila kufungua, “Hatununui, mama. Asante.” Nilikuwa nyuma yake, nikamwona kwenye kioo cha kamera amesimama na jagi lake. Akasema polepole, “Siuzi, jirani,” akavuka barabara akarudi kwake. Sikumfuata, na mpaka leo jambo hilo linaniuma.

Sasa mwezi uliopita tukaenda pwani kutazama nyangumi, wiki mbili, na kabla ya kuondoka Merv aliandika kwenye kundi maneno marefu ya kuwafundisha wageni wapya jinsi ya kulinda nyumba ukisafiri, maana kule wanamwita mtaalamu wa usalama, wakampongeza sana. Nimekuambatishia maandishi hayo uone jinsi alivyo mwangalifu, usije ukadhani tulikuwa wazembe. Tuliporudi tukakuta geti limerudishiwa vizuri, na ndani hamna kitu. Nikisema hamna kitu, nina maana kitanda, jokofu, runinga, mashine ya kufulia, hata pazia la bafuni. Picha za wajukuu zimekwenda pia, nadhani walitaka fremu. Nikakaa sakafuni, sikulia, nilichoka tu.

Doña Blanca akavuka akiwa na aproni yake, akatuona, akajishika mdomo.

“Jirani, kumbe hamjahama?”

“Nani kakwambia tunahama?” Merv akauliza.

“Si wale vijana wa ovaroli. Walikuja mchana kweupe na lori, geti limefunguliwa kutoka ndani, mmoja kashika karatasi anatia alama kila kinachotoka. Nikawauliza, wakaniambia wenyewe wamerudi kwao, hewa ya milimani imewashinda. Nikasema haya, wageni ndivyo walivyo, wanakuja, wanauza vitu, wanaondoka, katika barabara hii nimeshaona wengi. Hata nikawashikia godoro upande mmoja, walikuwa wanaliburuza kwenye matope. Nikawaambia, nyie, hilo ni godoro la watu.” Kisha akaniangalia mimi. “Niliumia kwamba hamkuniaga.”

Merv akaniambia kwa Kiingereza, “Umesikia? Amekiri mwenyewe.”

Tangu siku hiyo hana neno jingine. Anasema nani mwingine angejua tumesafiri isipokuwa mtu anayelitazama geti letu kutwa nzima, na anasema aliyeshika godoro ameshika wizi. Doña Blanca ameshaitwa polisi mara moja, alikwenda na gauni lake la kanisani akakaa huko tangu asubuhi mpaka jioni, mjane yule, na mjukuu wake akashinda kwa Don Efraín. Sasa akiniona anageuza uso. Wakili ametuambia bila sahihi yangu maelezo ya Merv hayana uzito, lakini nikitia sahihi na mimi, mama huyo atafunguliwa kesi. Moyoni najua hakuiba. Lakini nisipotia sahihi Merv atasema nimemwacha peke yake, naye ameshapita sabini, mikono yake imeanza kutetemeka, hali chakula vizuri, anakaa karibu na mlango na nondo mapajani. Binti yetu anapiga simu analia turudi nyumbani, na mimi sijui tena nyumbani ni wapi. Nifanye nini?

Darlene
(Usibadilishe jina, mtaa mzima umeshajua.)

*

Darlene,

Pole sana. Naitanguliza pole kwa sababu mbele kidogo nitakugombeza, na sitaki udhani sikuoni hapo ulipokaa sakafuni.

Barua za wageni walioibiwa hunifikia kila wiki, na zote huniuliza swali moja: Bi Zoila, niambie nimwogope nani. Nimechoka kulijibu. Lakini yako nimeisoma mara mbili, na maandishi ya mumeo, uliyoniambatishia ili nione alivyo mwangalifu, niliyasoma mara ya pili nikiwa nimesimama.

Umeyasoma wewe? Ameanza kwa kutaja siku mnayoondoka na siku mnayorudi, ili wenzake wajifunze kupanga mapema. Akaweka picha ya ukuta wa nyuma, ule unaopakana na bustani za mboga, akaeleza kwamba umeme ukikatwa kwa zamu nyaya zinakufa na kamera zinalala, na kwamba ameagiza betri ila itafika mkisharudi. Akawashauri wageni wapya wasifanye kosa alilofanya yeye la kununua mlango wa jikoni wa mbao laini. Chini yake wamempigia makofi watu ambao wewe huwajui, mimi siwajui, na Merv hajawahi kula nao hata kipande cha mkate. Kwenye kundi lile anaingia yeyote anayesema anaipenda Cuenca. Wezi nao wanaipenda.

Kwa hiyo mumeo anapouliza nani mwingine alijua mmesafiri, jibu liko kwenye simu yake. Wewe unalijua, Darlene. Ndiyo maana jambo hilo umelipita mbio mbio katika barua yako, kama mtu anayepita nyumba yenye mbwa, halafu ukaniambatishia mimi niseme kwa niaba yako. Haya, nimesema. Sehemu iliyobaki ni yako.

Usitie sahihi. Hilo halina mjadala, na usiniandikie tena kuniuliza. Mimi ni mwenyeji wa hapa, najua kesi inavyomla mtu: mjane anaitwa leo, anaitwa kesho, mjukuu anazomewa shuleni, na hata akiachiwa, mtaani ataitwa yule wa wageni mpaka azikwe. Unaogopa kumwacha mumeo peke yake, sawa, lakini kutia sahihi uongo ili mume alale usingizi ni kumwuza mwanamke mwenzako. Nenda kwa huyo mwendesha mashtaka siku hiyo hiyo mliyopangiwa, umweleze ulichokiona na usichokiona, na umpelekee maandishi ya Merv yamechapishwa. Yatawasaidia polisi kuliko gauni la kanisani la Doña Blanca.

Lakini kabla hujaenda huko, ongea na Merv. Leo, mezani kama mmeshapata meza, na nondo aiweke chini. Usimsute. Mpe maandishi yake umwambie, “Mzee wangu, nisomee kwa sauti, ila usome kama wewe ndiye mwizi.” Kisha nyamaza, maana kunyamaza unakujua, na safari hii kutakuwa na kazi. Huyu amekuwa fundi maisha yake yote, hitilafu akiiona anaijua. Atakasirika kwanza. Atakutukana pengine. Halafu ataona aibu, na hapo ndipo umshike mkono, hapo hapo, kwa sababu mwanamume aliyejenga ukuta wote ule kwa ajili yako hakuwa na nia mbaya, alikuwa na hofu. Na mikono inayotetemeka mpeleke kwa daktari. Wewe ni muuguzi, nikufundishe nini?

Usinielewe vibaya. Wizi upo na umezidi, mimi mwenyewe nimenyang'anywa mkoba mlangoni mwa kanisa na padri akiwa anaangalia. Kufuli zenu ziacheni. Simu usiishike mkononi barabarani, teksi iite kwa namba usiyoitilia shaka, ukitoka benki usiende moja kwa moja nyumbani, na safari zako zitangaze ukisharudi. Hayo yote Merv anayajua. Kilichomshinda ni kuvuka barabara.

Marehemu mume wangu alikuwa mgeni kama nyie, Mholanzi, Joost. Alipofika hapa alijifungia hivyo hivyo. Aliyemponya ni mama yangu: kila Jumapili alimtuma kwa majirani akaombe chumvi, na chumvi ndani ipo tele. Joost alikuwa akinung'unika mpaka mlangoni. “Mama, chumvi ninaiona pale,” anasema. Mama anamjibu, “Hiyo imeisha ladha, mwanangu, nenda.” Mwaka haukuisha, hakuna mtu katika mtaa ule aliyekuwa hajui Joost akikohoa. Tuliibiwa baiskeli mara moja tu, ikarudishwa kabla ya chakula cha mchana, na mwizi kashikwa sikio na mama wa duka la pembeni.

Basi vukeni, nyote wawili. Sikukuu ya marehemu inakaribia tena, nunua unga wa mahindi meusi, nanasi na mdalasini, ubebe jagi, mkamwombe Doña Blanca akufundishe colada. Maneno ya msamaha ayaseme Merv kwa mdomo wake, kwa Kihispania chake hicho kibovu, na aseme la polisi na aseme na lile la jagi, yote mawili. Anaweza asiwafungulie. Ana haki. Mkirudi kesho yake anaweza asiwafungulie tena, na nyie mrudi tena, yeye alikuja kwenu na kinywaji cha moto akajibiwa na spika. Ukitoka hapo pita kwa Don Efraín mkachukue kitufe chenu, na Jumamosi wakitoka watu kusafisha mfereji, mtoke na majembe yenu kama wengine.

Kuhusu kurudi Kanada, mwambie binti yako asubiri. Usiamue ukiwa umekaa sakafuni. Mkishalala usiku kadhaa, mkaona bado mnataka kwenda, nendeni, hakuna atakayewalaumu. Ila mpite nyumba kwa nyumba mkaage, muanzie ya mbele.

Siku lile lori lilipokuja, mtaa mzima ulikuwa na mtu mmoja aliyeona uchungu godoro lenu likiburuzwa matopeni, akaacha kazi zake akaja kulishika. Angetaka kuwapigia simu kuwauliza mnakwenda wapi. Hakuwa na namba yenu.

Zoila Vintimilla