Firigisi Iliyozunguka Meza

Jumapili, jioni. Goba imenyeshewa tangu asubuhi, mlima wetu umekuwa tope tupu, na mie leo natimiza siku ya ishirini na moja sijatia kipande cha nyama mdomoni. Ishirini na moja! Mzee wa miaka sabini na mbili, mwenye meno yangu mwenyewe kumi na tisa, nimeipiga nyama mwereka. Hao vijana wanaonyanyua vyuma na kujipiga picha waje niwaonyeshe mwanamume.

Haya. Nimedanganya.

Siku ya nne nilikula sambusa. Siku ya tisa nilikula mbili. Ya Jumanne iliyopita siitaji idadi, maana kuna watu wa kanisani wanasomaga hapa mtandaoni. Na zote zilikuwa za nyama, wala usinitafutie kisingizio kwamba macho hayaoni.

Shajara, wewe sio mchungaji, kwa hiyo ngoja nikueleze nilivyojiingiza humu.

Mama Happy, mke wangu, miguu yake inavimba. Mie nimekuwa fundi viatu miaka arobaini na kitu. Shule niliishia darasa la tano, lakini mguu wa mtu nausoma bila miwani. Wa Mama Happy ni namba thelathini na saba, haujawahi kubadilika hata alipokuwa na mimba. Mwezi uliopita viatu vyake vya kanisani, nilivyomshonea kwa mikono hii, vikamkataa. Akaenda kusali na kandambili zangu. Mwanamke ambaye akishuka mlima huu na visigino vyake, mtaa mzima ulikuwa unajua leo Jumapili.

Binti yetu, Happy, akampeleka hospitali. Daktari kasema mengi, mie nimeshika machache: nyama aache, kuku aache, supu aache, chumvi apunguze. Asipofuata, safari ijayo hawataongea tena habari za chakula, wataongea habari za mashine ya kusafisha damu.

Sasa Mama Happy anapenda nyama kuliko anavyonipenda mie, na silalamiki, nyama ndiyo iliyomjua kwanza. Aliporudi hospitali akakaa kwenye kochi, kimya. Na mie mwanamke akinyamaza huwa naropoka. Jumapili jioni wana jumuiya walipokuja kusali kwetu nikasimama katikati ya sebule, nikasema, "Asichokula mke wangu, nami sili!" Wakinamama wakapiga vigelegele. Mzee mmoja akaniombea palepale, kanishika kichwa. Raha niliyoisikia! Sijawahi kupigiwa vigelegele tangu harusi yangu, na hata siku ile vingi vilikuwa vya bibi harusi.

Nikasahau kitu kimoja tu.

Mie mboga za majani siziwezi.

Sio kwamba sizipendi. Siziwezi. Mchicha nikiutafuna unageuka kamba, unazunguka mdomoni, haujui unakwenda wapi. Bamia inashuka yenyewe kabla sijaipa ruhusa. Biringanya ni godoro lililolowa. Kabichi ikichemka inanuka soksi, na mtu aliyeshika viatu vya watu miaka yote ile hawezi kudanganywa kuhusu harufu ya soksi. Nyanya chungu jina lake limekuonya mapema, ukila ni shauri lako. Maharage tumbo langu linayakatalia mlangoni. Mie ni Mpare nisiyekula makande! Mama yangu alinifichia jambo hilo kwa ndugu zake mpaka anaingia kaburini.

Kwa hiyo wiki tatu hizi naishi kwa chapati, mihogo, viazi na chai. Kuacha nyama kwenyewe ndiko huku? Nimehamia kwenye unga. Suruali ya kanisani haifungi tena, na mie sina daktari wa kumsingizia.

Mama Happy yeye anakula. Anakaa na bakuli lake la mchicha usio na chumvi, anatafuna polepole kama anayesoma barua ya msiba. Siku ya pili tu aliniambia neno ambalo halijanitoka. "Baba Happy, mie nakufuata wewe. Siku ukirudi kwenye nyama niambie, turudi wote. Usiniache peke yangu huku kwenye majani."

Na neno hilo ndilo ninalotembea nalo mpaka dukani kwa Salim, pale kona, kwenye kabati la kioo, kula sambusa anazopika mkewe. Nafuta mdomo, narudi nyumbani, nasema leo joto.

Aibu ninayo. Nguvu ndiyo sina.

Leo sasa. Happy kaja kututembelea na mumewe, Elia, wametoka Bunju na mvua yote hii. Mkwe akija nyumbani hapikiwi mchicha, Mama Happy kachinjisha kuku. Mie harufu ya kitunguu ilipokutana na mafuta nilitoka nje, nikasimama kwenye manyunyu kama mbuzi aliyefukuzwa.

Ni lazima nikueleze habari ya firigisi. Kuku ana mapaja mawili, ana vipapatio viwili, lakini firigisi anayo moja, na nyumba ina baba mmoja. Hesabu hiyo hata mimi wa darasa la tano naiweza. Miaka arobaini na sita tangu nimeoa, firigisi ya nyumba hii haijawahi kukosea njia. Nikisafiri inawekwa. Mwaka ule niliokosana na Mama Happy tusisemeshane wiki nzima, chakula alikuwa anakisukuma tu mezani, lakini firigisi ilikuwamo. Ndipo nilipojua bado nina mke.

Tumekaa mezani, tumeomba. Mama Happy kachukua kisahani chenye firigisi, kanipita, kakiweka mbele ya Elia.

Kanipita!

Elia kijana wa watu kakiangalia kama kinatoa moshi. "Mama, hapana. Hiki cha baba."

"Baba yako kaachana na nyama. Kula, mwanangu."

"Mama, mie nikale firigisi mbele ya baba mkwe? Nikirudi kwetu nikasimulie nini?" Kakisukuma kwa mikono miwili mpaka kwa mkewe.

"Usiniletee mie," Happy kasema. "Nimezaliwa humu, sijawahi hata kuilamba." Kakisukuma kwangu.

Nikaweka mikono chini ya meza, maana nilikuwa siiamini.

"Baba," Elia kasema kwa sauti ya kubembeleza, "basi iguse tu, halafu unirudishie. Iwe umenipa wewe."

Kijana ana adabu. Ningeigusa ningeila. Nikasema nina mafua. Kisahani kikazunguka tena, kikarudi katikati ya meza, kikakaa pale, tukala sote tunakikwepa kama kuna mtu wa tano kanuna. Mie nilikula wali na chachandu ya pilipili. Nilimwona Mama Happy. Kila akitia kijiko kwenye bamia zake, macho yanakwenda kwenye kisahani.

Saa tisa wakaaga, wawahi kabla barabara haijaharibika zaidi. Nikawasindikiza mpaka kwenye gari, Elia kaniaga na shikamoo nyingine juu ya ile ya asubuhi, nadhani kwa hofu. Nikarudi ndani. Meza ilikuwa imeshatolewa vyombo.

Nikamkuta Mama Happy jikoni, kanipa mgongo, firigisi mkononi.

Hakuificha. Kaniuliza bila kugeuka, "Jumanne ulikula ngapi?"

"Ngapi nini?"

"Baba Happy. Mfuko wa shati una mafuta. Anayefua ni mimi."

Nikaangalia sufuria. Sufuria haikunisaidia.

"Nne," nikasema.

"Kumbe! Mie nilidhani tatu."

Kachukua kisu, kaweka firigisi juu ya kifuniko, kaikata katikati. Hakukasirika, na hicho ndicho kilichonimaliza. Angenifokea ningejua pa kusimama, nimezoea, nina majibu yangu. Kasema taratibu, "Basi tumeshindwa, mume wangu. Yaishe. Nusu yako, nusu yangu. Nimechoka kujifanya tuko wawili."

Nikainamisha kichwa, na ndipo nikaiona miguu. Kavaa zile kandambili zangu. Namba arobaini na mbili. Mikanda imezama ndani, imebana kabisa, na vidole vimesimama kama si vyake. Mguu nilioupima kwa kamba mwaka ule wa kwanza, nikajisifu kwa mafundi wenzangu kwamba nimepata mguu mzuri kuliko yote Temeke nzima. Leo sijui ni namba ngapi. Sijui nikiambiwa nimshonee kiatu nianzie wapi.

Nikachukua nusu zote mbili.

"Mlafi wewe!" kasema. "Hata yangu?"

Nikazitupa dirishani. Paka wa jirani alikuwa chini ya mpapai anakwepa mvua. Kala zote mbili, hakuangalia hata nani kampa. Miaka arobaini na sita ya heshima, kala paka.

Tukasimama dirishani tunamwangalia. Mama Happy mabega yalikuwa yanatikisika. Analia au anacheka sikuthubutu kutazama, nikaendelea kumwangalia paka kama nimemnunua. Halafu kafunua sufuria, kanipakulia bamia. Kaweka na kijiko.

Nimekula tatu. Nimefumba macho, nimeziba pua. Ya tatu ilifika hapa kooni ikageuka nyuma kutaka kutoka, nikaipigania mpaka machozi. Hapo kacheka kweli, kacheka mpaka kakaa kwenye ndoo. Kaniambia katika maisha yake hajaona mwanamume mzima akishindana na bamia.

Basi mwingine angemalizia hapa, kwamba mzee kaokoka. Mie najijua. Nimekula bamia tatu tu na bado naisikia moja. Nimeshaapa mbele ya jumuiya, nimeshaombewa, nimeshashikwa kichwa, na sambusa nikazila. Kiapo kingine nakitoa wapi? Kesho saa nne asubuhi miguu hii itanipeleka kwenye ile kona bila kuniuliza. Na nikila, yeye atajua kwa shati, na safari hii hatakata firigisi nusu.

Siwezi kujizuia. Naandika hivyohivyo.

Kwa hiyo wewe Salim, najua unasomaga hapa, na vile vicheko unavyoandika chini naviona. Kila Ijumaa ukienda msikitini ni mimi ninayekaa kwenye stuli yako kukulindia duka, mwaka wa nane huu, na sijakuomba kitu. Peremende nilijichukulia mwenyewe, hizo sio kuomba. Leo nakuomba. Kesho nikija, niambie sambusa zimeisha. Nitabisha. Nitakuonyesha kwa kidole, hizo hapo kwenye kioo, tena za moto. Nitakutukana, na babu yako nitamtaja.

Wewe sema zimeisha.