Kwa Nini Sikuingia Harusini kwa Kenna

Bonde la Sanpete,
Utah.
19 Juni 2016

Mpendwa Dada Ilene,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Hali yako vipi, na goti je? Mvua za huko Juneau zimekupa nafuu au bado zinakutonesha? Sisi huku ni wazima wa mwili, namshukuru Mungu. Mama ametimiza miaka themanini na minne na bado anagombana na kuku wake. Mgongo wa mume wangu Garth ndio haujatulia tangu tukate majani ya ng'ombe. Najua unaisoma barua hii na kikombe cha kahawa mkononi, ile ambayo kanisa letu linatukataza. Kunywa tu, dada, siku hizi sina ubavu wa kumsema mtu.

Uliniuliza kwa nini kwenye picha za harusi ya binti yangu Kenna ndugu wote wanatoka mlangoni mwa hekalu pamoja na maharusi, na mimi nimesimama pembeni na mdogo wake Maren kama watu waliokuja kuuliza njia. Kwenye simu nilikwambia nilitangulia kutoka. Nilikudanganya. Sikuingia kabisa, na leo nimeona nikueleze yote.

Maren alipotimiza miaka kumi na mitatu, mwezi wa pili, aliitwa kwa askofu kuhojiwa usafi wa maisha yake, kama tulivyoitwa wewe na mimi. Askofu wetu sasa ni Alden Mortensen, yule jirani mfuga bata mzinga, ambaye mwaka jana alituvuta kwa trekta gari liliponasa kwenye theluji. Si mtu mbaya. Lakini alifunga mlango, wakabaki wawili, mwanamume wa miaka hamsini na mtoto wangu, akamwuliza mambo ya mwili wake ambayo hata mimi mama yake sijawahi kumwuliza.

Usiku huo hakula. Kesho yake tukiwa bandani akaniambia, "Mama, ni lazima nijibu kila kitu anachouliza? Nikinyamaza anasubiri tu."

Ilene, moyo ulinipasuka. Mimi nami niliulizwa hayo nikiwa na umri wake. Nilijibu, nikarudi nyumbani, na kwa miaka mingi nikajiona mchafu. Sikumwambia mtu, hata wewe uliyelala kitanda cha pili.

Nikamwendea Alden, nikamwambia mara nyingine aniite nikae na mtoto. Akanicheka kidogo. "Janeal bwana! Sote tumekaa kwenye kiti kile, na hakuna aliyekufa."

Ningeishia hapo, labda yangekwisha. Lakini unanijua. Jumapili ya mfungo, ile ambayo kila mtu ana ruhusa ya kupanda mimbarini kutoa ushuhuda, nikapanda. Nilianza kama wote, kwamba najua Mungu yu hai. Kisha nikasema watoto wetu wasifungiwe mlango na mwanamume, hata awe askofu. Sikufika mbali. Kipaza sauti kilizimwa, nikawa napanua mdomo mbele ya watu mia mbili wanaotazama viatu vyao. Mdomo uliponza kichwa.

Nikaitwa mbele ya baraza. Walikuwa Alden na wasaidizi wake wawili, watu ninaowapelekea mkate wakiugua. Wakanitaka nipande tena palepale niseme nimekosea, na kwamba mtoto alielewa vibaya. Nilikataa. Wakachukua kibali changu cha hekalu, na bila kile kikaratasi hata mama wa bibi harusi haingii. Harusi ilikuwa imebaki miezi mitatu.

Kenna alilia, akanibembeleza, akakasirika. "Mama, ni sentensi moja tu! Iseme, halafu amini unavyotaka." Garth yeye kibali chake anacho, na sikumwomba akirudishe. Wanawake wa kanisani walianza kunisalimu kwa mkono badala ya kunikumbatia. Wasichana wa darasa la Maren wakaacha kumpitia waende pamoja.

Siku mbili kabla ya harusi Alden akabisha hodi, bahasha mkononi, macho yamemlowa kwa furaha. Ndani kulikuwa na kibali changu.

"Mambo yamenyooka," akasema. "Maren amekiri kwamba alitia chumvi."

"Lini?"

"Jana. Alikuja mwenyewe na baiskeli, Mungu ambariki."

Nikamwita Maren. Akaja anajifuta mikono kwenye suruali. "Nimesema nilidanganya, Mama," akaniambia, tena kwa uchangamfu, kama aliyetumwa dukani akarudi na chenji yote. "Sasa unaweza kuingia."

Nilimrudishia Alden bahasha yake. Nilitamani kuipokea, dada, sikufichi. Lakini ningepitaje mlango ule kwa uongo wa mtoto wangu juu ya nafsi yake? Kenna alisema, "Hata mdogo wangu amenipenda kuliko wewe." Tangu hapo hajanisemesha.

Basi siku ya harusi mimi na Maren, ambaye kwa umri wake haruhusiwi kuingia, tulikaa nje kwenye ukuta mfupi, saa nzima na nusu. Ndipo nilipokukumbuka wewe, siku ya harusi yangu mimi, ulivyosubiri juani na gauni lako la bluu kwa sababu ulikuwa umeacha kanisa. Nilitoka nikakupita nikaenda kupigwa picha. Niliona umestahili. Nisamehe, dada yangu. Nimechelewa miaka ishirini na sita.

Bado naamini, usidhani nimekufuata. Ndiyo maana inaniuma hivi.

Ninaloomba ni Maren aje kwako likizo hii, hata wiki tatu. Siku ile ya baiskeli hakuzungumza na Alden nje. Aliingia tena ofisini peke yake, na mlango ukafungwa tena. Kila siku namwuliza aliulizwa nini. Mara ya kwanza aliniambia mwenyewe. Sasa ananitazama, anatabasamu, anasema, "Hamna kitu, Mama. Usije ukasema tena."

Mama anakusalimu, na Garth pia, ingawa ameniagiza kwa kutikisa kichwa tu. Nisalimie shemeji Duane na kijana wako Tate. Mungu akulinde na kukupa usingizi mwema, nami akinibakizia chochote nitashukuru.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye, hata pale nilipokupita,

Janeal