Nilimpa Mkamwana Wangu Alama Saba kwa Kumi

Mshauri mpendwa,

Naomba msaada wako kabla sijafungua mdomo tena, maana mdomo ndio ulionifikisha hapa, na ukiona barua inarefuka univumilie, kwani nilifundisha sayansi sekondari mpaka nikastaafu, na sijawahi kujibu swali la mtu bila kuanzia mwanzo wa jambo.

Mwanzo wa jambo ni huu. Mwanangu ameoa binti mpole, fundi wa miwani, ambaye hali kitu chochote kilichotoka kwa mnyama, yaani si nyama tu, hata yai, maziwa, siagi na asali hagusi, na aliponieleza hayo mara ya kwanza nikamwuliza, "Sasa mwanangu, wewe unaishi kwa hewa?" akacheka, akasema, "Hapana, Mama, kwa chokoleti." Kwao hawakuwa na oveni na kwangu ipo, basi akawa anakuja kila Jumamosi mchana na mfuko wake wa vitu, tunaoka brauni, vile vipande vizito vya keki ya chokoleti vinavyokatwa mraba, bila yai wala siagi, na siku ya joto kali tunatengeneza vile visivyohitaji moto, vya tende na karanga zilizotwangwa pamoja, zikashindiliwa kwenye trei na kuwekwa kwenye friji mpaka zishikane.

Mimi nilianza kwa dharau. Nilimwambia keki bila yai ni ukuta bila saruji. Hakubishana nami, alichukua mbegu za chia, akazitia kwenye kikombe cha maji, akaniambia, "Subiri kidogo, Mama," na kweli baada ya muda zikatoa ute mzito, na ute huo ndio uliokwenda kushika unga, kakao, mafuta na tui la nazi vikawa kitu kimoja. Mshauri, nilifurahi kama mtoto aliyeonyeshwa sumaku. Na mafunzo yake yalikuwa mafupi. "Koroga, Mama, basi, inatosha." "Toa, Mama, zikiwa bado zinatikisika katikati." "Usikate mpaka zipoe kabisa."

Sasa mtu wa kawaida angetii akala keki. Mimi nilipooka peke yangu nikasema haiwezekani kitu kinachotikisika kiwe kimeiva, nikachomeka kijiti, kikatoka na unyevu, nikarudisha trei, nikachomeka tena, nikarudisha tena, mpaka kijiti kikatoka kikavu kama kilivyoingia, na mzee wangu alipopewa kipande akakigonga mezani mara mbili, akasema, "Mke wangu, hiki tusikile. Hiki kizuie mlango."

Hapo ndipo ugonjwa wangu ulipoamka. Nikasoma, nikapima, nikajaribu, hadi nikajua kwa nini brauni zisizo na yai huendelea kushikana zinapopoa na kwa nini ukingoja kijiti kikauke umeshachelewa, na mimi nikishajua kwa nini, lazima na mwenzangu ajue, hata kama ndiye aliyeniambia. Nikaning'iniza ubao jikoni. Ndiyo, ubao wa chaki, juu ya sinki. Nikawa namchorea mkamwana wangu jinsi mbegu zake mwenyewe zinavyotoa ute, namwuliza, "Unaona hapa?" naye amesimama na mwiko mkononi, mafuta yanamchuruzika hadi kiwikoni, anajibu, "Naona, Mama." Kakao akiimwaga bila kuichekecha, ninakohoa. Mafuta akiyakadiria kwa jicho, ninakohoa zaidi. Siku moja aliniuliza kama nimepata mafua.

Kisha mwanangu akapandishwa cheo, tukakusanyika kwangu kumpongeza, na mezani kulikuwa na trei mbili za brauni, ya mkamwana wangu na yangu. Watu walikuwa wanakula zote mbili kwa raha zao, hakuna aliyeuliza lolote, hakuna hata aliyekuwa ananitazama. Nikasimama. Nikagonga kikombe kwa kijiko. Nikawaeleza wageni kwamba trei ile ya kushoto imebonyea katikati kwa sababu uji wake ulikorogwa kupita kiasi, na ya kulia, tafadhali angalieni ukingo wake, na shemeji yangu mmoja ambaye hawezi kuona moto asiumwagie mafuta akasema, "Haya, mwalimu, toa alama basi!" Na mimi, Mshauri, nikatoa. Nikampa mkamwana wangu saba kwa kumi. Nilidhani ni sifa! Darasani kwangu mtu akipata saba alikuwa anakwenda nyumbani akiimba. Yangu nikaipa nane na nusu, na nusu ya kufikisha tisa niliikata kwa ajili ya unyenyekevu.

Alitabasamu. Akaosha trei yake, akaikausha vizuri, akaitia mfukoni mwake. Jumamosi iliyofuata hakuja, ana kazi. Iliyofuata, ana kazi. Nikampigia simu kuomba radhi, na kwa kuwa sijui kufanya jambo bila mpangilio niliomba radhi kwa sehemu tatu, chanzo cha tatizo, athari zake na hatua za kuchukua, na nilipofika kwenye chanzo nikajikuta nimerudia ile habari ya kukoroga kupita kiasi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Sawa, Mwalimu."

Nimeitwa mwalimu na watoto wa watu maisha yangu yote na halikuwahi kuniuma jina hilo. Siku ile niliikata simu nikakaa kwenye kiti cha jikoni, mzee wangu akaniuliza nani amefariki.

Swali langu sasa. Mwanangu ameniambia mkewe amenunua oveni ndogo ya kuweka mezani, lakini brauni zake zinaungua chini na huku juu ni mbichi. Alipomaliza kusema nilikuwa nimeshasimama. Mimi najua kwa nini! Katika oveni zile waya wa moto uko karibu mno na trei, aweke tu trei nyingine tupu chini yake, tatizo limekwisha. Nimeandika ujumbe, nimefuta, nimeandika mwingine wenye mchoro. Mzee wangu anasema, "Tuma. Tuma, halafu wajukuu tutawaona kwenye picha." Nampenda huyu binti, nataka arudi jikoni kwangu. Je, nimwambie habari ya trei, au nikae kimya aendelee kuunguza?

Mimi,
Mama Mkwe Mwenye Ubao

Baada ya kutia sahihi: wiki iliyopita ulimshauri msomaji atoe doa la mafuta kwa maji ya moto peke yake. Hapo ulikosea kidogo. Nitakueleza siku nyingine.

JIBU LA MSHAURI

Mama Mkwe, pole sana. Nilikuwa nacheka mpaka nilipofika kwenye "Sawa, Mwalimu," na hapo kicheko kikanikauka. Asante pia kwa sahihisho la doa. Unaona lakini? Hata mtu unayemwomba msaada, humwachi aondoke bila alama.

Nimesoma barua yako mara mbili. Sasa najua kazi ya chia, najua siri ya kijiti, najua waya wa oveni ulipo. Kitu kimoja sikukikuta popote: brauni za mkamwana wako zilikuwa tamu? Umezila miezi yote hiyo, umezipima, umezichora, na hukuandika hata mara moja kwamba zilikuwa tamu. Kama hukuniambia mimi nisiyekujua, nina wasiwasi hata yeye hukumwambia.

Tena usijidanganye kwamba binti huyo alifuata oveni. Mtu anayetaka oveni hununua oveni, kama alivyofanya sasa. Aliyekuja kwako kila Jumamosi na mfuko wake alikuwa anatafuta mama wa kukaa naye jikoni, na wewe ukamfungulia darasa. Alikufundisha kwa sentensi tatu, ukamlipa kwa ubao, kisha ukampanga mbele ya wakwe zake wote kama jaribio lililoshindikana. Wageni walikuja kula, mama, hawakuja kusimamia mtihani. Na hiyo nusu ya unyenyekevu uliyoikata, wewe mwenyewe unajua ni aibu, sina haja ya kuongeza chumvi.

Sasa sikiliza, na usiandike pembeni.

Ujumbe huo ufute, pamoja na mchoro. Keki iliyoungua chini na mbichi juu huliwa katikati, na hakuna ndoa iliyowahi kuvunjika kwa ajili yake. Binti anayesaga vioo vya macho ya watu mpaka waone hatashindwa kugundua kwamba trei iko karibu na moto. Mpe nafasi ya kugundua.

Mpigie, umwombe uende kwake Jumamosi. Wewe uende kwake, usimwite kwako. Usibebe trei, usibebe kipimo, usibebe brauni zako. Beba tende zenye kokwa, ukazitoe huko, ili mikono yako iwe na kazi na mdomo ukose kazi. Mlangoni sema hivi: "Mwanangu, nilikuaibisha mbele ya watu. Nisamehe." Halafu nyamaza. Neno "lakini" lisifuate. Neno "kwa sababu" lisifuate kabisa, hilo ndilo sumu yako. Akikaa kimya, kaa naye kimya. Akikuita Mwalimu, itika. Jina la mama halidaiwi kama madeni ya duka, analitoa mwenyewe siku moyo wake ukitulia, na huenda isiwe Jumamosi hii.

Jikoni kwake fanya anachokuambia. Akimwaga kakao bila kuichekecha, usikohoe. Akikuuliza kwa nini zinaungua, mjibu kwa sentensi moja, iliyo fupi kuliko yoyote uliyoniandikia. Asipouliza, hujui. Nami najua hilo litakuuma kuliko lote.

Kisha maliza pale ulipoharibia. Aibu ya hadharani haifutwi kwa simu. Ukoo ukikusanyika tena, iwekwe mezani trei yake peke yake, na yeyote akisifu, sema kwa sauti ileile uliyotolea alama, "Huyu ndiye aliyenifundisha." Ukae. Shemeji yako akitaka kuchochea, mpe kipande.

Ubao uteremshe leo, kabla hujamaliza kusoma gazeti.

Na Jumamosi hiyo, maelezo yakianza kukupanda kooni, maana yatapanda, chukua kipande utie mdomoni, utafune polepole. Akikuuliza kama kimeungua, usimjibu. Nyoosha mkono uchukue cha pili.